Mwanamke wa Maji wa Safu ya Nne

Alhamisi, saa nane na nusu mchana, Shemasi alivua viatu mlangoni kwangu kama alivyofunzwa tangu mdogo, akaingia jikoni, akavuta kile kiti kibovu ambacho wageni wote wanakiogopa, akafungua daftari. Jumamosi saa nne asubuhi Askofu alikuwa amwekee mikono awe padri, mtoto wa kwanza wa parokia yetu kufika hapo. Na mimi nilikuwa na jambo la kumwambia kabla ya Jumamosi hiyo, jambo ambalo likitoka mdomoni huenda Jumamosi yenyewe isiwepo. Lisipotoka, kila Misa atakayoisoma maisha yake yote huenda ikawa mkate mtupu na divai tupu, na watu wamepiga magoti hawajui.

Nilikuwa nimelibeba miaka ishirini na sita. Aliyelijua zaidi yangu ni mmoja tu, wifi yangu, na siku hiyo alikuwa amekaa pale pale jikoni juu ya ndoo iliyopinduliwa, anamenya viazi vya sherehe na kunitazama kwa jicho la pembeni.

"Bibi, nimebakiza ukurasa wa mwanzo," Shemasi akasema. "Kijitabu cha historia ya parokia kinatakiwa kwa mchapaji kesho asubuhi. Kila ninayemuuliza ananiambia nenda kwa Bibi, yeye ndiye aliyefika na lori la kwanza."

"La tatu," wifi akasema. "La kwanza lilikuwa langu. Huyu alikuja na lori la mbuzi."

"Mbuzi wa tajiri," nikasema. "Na walikuwa na adabu kuliko abiria wa lori la kwanza."

Shemasi akacheka, akaandika. Akicheka hivyo uso wake unarudi kuwa ule wa mtoto tuliyemwita Kimya, kwa sababu alizaliwa bila kulia. Mama yake alikuwa jirani yangu ukuta kwa ukuta. Alipofariki kwa mapafu, kama vumbi la tanuri lilivyowamaliza wengi, Kimya alikuwa na miaka sita. Akahamia kwangu na godoro lake, na hakuhama tena mpaka seminari. Kwa hiyo nisemapo huyu ni mjukuu wangu, usiniulize kwa upande gani.

Nikamwambia ya mwanzo, na kwenye hayo ulimi wangu ulikuwa mwepesi. Tulikuja kuchoma matofali. Tulitoka nchi tatu: watu wa milimani, watu wa ziwani, na sisi wa mpakani. Kwetu kulikuwa na vita, kwa wengine kulikuwa na njaa, na kwa wengine kulikuwa na serikali. Tajiri alitupa safu sita za vyumba, kila safu vyumba kumi, bomba moja mwisho wa kila safu. Misa ya kwanza ilisomwa kwenye ghala la makaa. Padri Ndevu alikuja kwa pikipiki kila baada ya wiki mbili, amevaa kanzu nyeupe, akaondoka amevaa ya kijivu. Watu wa milimani waliimba kwa lugha yao, wa ziwani kwa yao, sisi kwa yetu, na kila kundi lilingoja lenzake lipumue ili lianze.

"Kitendawili," nikasema.

"Tega," akajibu bila kuinua kichwa.

"Nyumba yangu imejengwa na vilema watupu, na haijawahi kuanguka."

"Kanisa letu hilo, Bibi. Ulinitegea nikiwa darasa la pili."

Ni kweli. Tajiri hakutaka kutuuzia tofali zima hata moja. Alitupa yale yaliyopinda motoni, yaliyopasuka pembe, yaliyovimba tumbo. Wanaume wakayachagua kila Jumapili baada ya Misa, wakatafuta tofali lenye shimo wakalipanga na lenye kinundu. Miezi kumi na minne. Ukipapasa ukuta wa upande wa sakristia hata leo, ni kama unapapasa mgongo wa ng'ombe mzee.

"Sasa nieleze wanawake wa maji," akasema Shemasi, akafungua ukurasa mpya.

Kisu cha wifi kilipunguza mwendo.

Hilo lilikuwa jambo la parokia yetu, sijalisikia kwingine. Wiki mbili ni nyingi kwa mtoto mchanga, na kwenye zile safu watoto walikuwa wanakwenda kwa siku moja. Kwa hiyo Padri Ndevu alichagua mwanamke mmoja kila safu, jumla sita, akatuketisha kwenye benchi la ghala, akatufundisha kubatiza mtoto aliye hatarini. Tulirudia maneno mpaka tukawa tunayasema tukiosha vyombo. Kila mmoja akapewa chupa ya robo yenye kizibo, akae nayo kwenye rafu, abadilishe maji kila Jumapili. Hayakuwa maji ya baraka. Alisema yanayotakiwa ni maji tu, yoyote, ya mvua, ya kisima, hata ya mtaro. Hakutaja kisichofaa, na sisi hatukuuliza.

Wifi alikuwa mwanamke wa maji wa Safu ya Pili. Mimi nilikuwa wa Safu ya Nne.

"Nimepitia kitabu cha kwanza cha ubatizo," Shemasi akasema. Akatoa karatasi mfukoni, akaikunjua polepole kama mtu anayetoa zawadi. "Namba themanini na tisa. Sikilizeni. 'Alibatizwa nyumbani katika hatari ya kifo na mwanamke wa maji wa Safu ya Nne. Sherehe zilizobaki zimekamilishwa kanisani.' Bibi, themanini na tisa ni mimi. Na huyo mwanamke ni wewe."

"Ni mimi."

"Hukuwahi kuniambia ilivyokuwa. Kila nikiuliza unanitegea kitendawili." Akatabasamu. "Nataka kijitabu kianze na siku hiyo. Kila kitu. Chupa ilikuwa wapi, ulisimama wapi, mama alisema nini."

Wifi alinikata jicho. Kisu chake kilikuwa kimesimama katikati ya kiazi.

"Mwanangu," akamwambia, "Bibi yako presha ilimpanda jana. Andika tu alibatizwa, basi. Wasomaji wenyewe wanataka picha."

"Shangazi, dakika kumi tu."

Simu yake ikaita. Alikuwa katibu wa Askofu, kuhusu mabasi. Akatoka nje uani kwa sababu jikoni mwangu mtandao hauingii, na mlango ulipojifunga nyuma yake wifi akaniinamia mpaka nikasikia harufu ya ubichi wa viazi mikononi mwake.

"Usithubutu."

"Ameniuliza mwenyewe."

"Amekuuliza ilivyokuwa, mwambie ilivyokuwa. Mtoto alikuwa anakufa, ukambatiza, akapona. Uongo uko wapi hapo?"

"Kwenye kikombe."

"Hivi unadhani Mungu ni karani? Anakaa huko juu anakagua vikombe?" Alikuwa ananong'ona, lakini mishipa ya shingo ilimsimama. "Mabasi matatu yako njiani. Watu wa milimani wametoka jana alfajiri. Unataka kuwaambia nini?"

"Sijui."

"Na wale wengine uliowabatiza, kumi na sita, hujafikiria? Kila mama atakuja hapa mlangoni: na wangu je? Utawajibu nini?"

"Kwamba wale wengine nilikuwa na chupa."

"Nani atakuamini tena?"

Mpaka leo naona swali lake lilikuwa la haki. Nilimsikia Shemasi nje akisema "sawa, Baba, sawa," kwa sauti ya furaha. Nikafikiria Jumamosi. Nikamwona amelala kifudifudi mbele ya altare, mikono ya Askofu, watu wanalia. Halafu nikafikiria miaka inayokuja baada ya Jumamosi hiyo. Mgonjwa anakata roho, anamwita padri, padri anakuja, anamwondolea dhambi, na mgonjwa anaondoka ametulia. Kumbe aliyemjia hana hicho anachodhani amekuja nacho, kwa sababu bibi mmoja aliogopa aibu. Hata kama Mungu angeyanyoosha yote kwa njia zake, mimi ningelalaje?

Mlango ukafunguka.

"Askofu anaingia leo jioni badala ya kesho," Shemasi akasema, akikaa. "Haya, Bibi. Chupa ilikuwa wapi?"

"Kitendawili," nikasema.

"Bibi, tafadhali."

"Kitendawili."

Akaweka kalamu chini. "Tega."

"Nina mzigo nimeubeba miaka ishirini na sita. Sijawahi kuutua hata kulala, na mikono yangu ni mitupu."

"Umri."

"Sio."

"Uchungu wa kufiwa."

"Sio."

Akanitazama vizuri. Nadhani hapo ndipo alipoona kwamba sikuwa nachezacheza. "Siri," akasema.

"Umepata."

"Ya nani?"

"Yako," nikasema.

Wifi akaweka kisu kwenye sufuria, akafunika uso kwa kanga.

Nikamwambia. Ilikuwa kiangazi, pampu ya tanuri imekufa, mabomba ya safu zote makavu siku ya tatu. Wanaume wako kazini. Mama yake alianza uchungu alfajiri, na kufika saa tano midomo ilikuwa imempasuka kama udongo. Akaniomba maji. Akaniomba tena. Kwenye chumba chake hakukuwa na tone, kwangu hakukuwa na tone, ila ile chupa ya robo kwenye rafu. Niliitazama. Mkunga wa safu alikuwa ameitwa na hajafika. Mwanamke anatoa mtoto, ulimi umemkauka mpaka hawezi kupiga kelele. Nikaitoa kizibo nikampa. Akainywa yote, akanishika mkono, akasema asante.

Baada ya nusu saa mtoto akatoka, kitovu kimemzunguka shingo mara mbili. Rangi ya majivu. Hakulia, hakupumua, mkono ukiuinua unaanguka. Nikamfungua kitovu, nikampiga mgongo, nikampuliza. Hakuna. Nikageuka kwenye meza. Pale palikuwa na kikombe cha bati, na ndani yake kilichobaki cha chai ya asubuhi, ya rangi, imepoa. Nikakichukua. Sikufikiri hata kidogo. Nikammwagia kichwani mara tatu na maneno yote kama tulivyofundishwa, na kwenye mara ya tatu akavuta pumzi.

"Padri alipokuja Jumapili aliniuliza, umemwaga? Nikasema nimemwaga. Umesema maneno? Nikasema nimesema. Hakuuliza zaidi. Akakupaka mafuta, akakuvika kitambaa cheupe, akawasha mshumaa. Maji hakukumwagia, kwa sababu ubatizo haurudiwi."

Shemasi akasukuma daftari pembeni.

"Chai," akasema.

"Chai."

"Ulijua haifai?"

"Siku ile sikujua, namwambia Mungu hivyo hivyo. Nilijua baadaye, ulipokuwa na miaka mitano. Alikuja katekista mpya akatufanyia semina ya wasimamizi. Akaandika ubaoni kwa chaki: maziwa, supu, mate, chai. Akasema hivi si maji, aliyemwagiwa hivi ubatizo wake una shaka, na bila ubatizo hakuna sakramenti nyingine inayoshika. Mimi nilikuwa benchi la pili. Wewe ulikuwa nje unacheza na tairi. Nilikuona dirishani."

"Na ukanyamaza."

"Mama yako alikuwa ameanza kutema damu. Nikasema nitasema akipona. Akafa. Nikasema nitasema kabla ya komunyo ya kwanza, halafu nikakuona umevaa ile suruali ya kuazima unajitazama kwenye sufuria. Nikasema kabla ya kipaimara. Ulipokwenda seminari nikasema huko watakurudisha wenyewe, wengi hurudishwa. Hawakukurudisha."

Alinyanyuka, akaenda mpaka dirishani, akarudi.

"Ilikuwa na sukari?"

"Sukari tulikuwa hatuna."

"Majani?"

"Yale yale ya juzi yake. Tulikuwa tunachemsha mara tatu, mara nne."

"Kwa hiyo nyepesi."

"Nyepesi. Lakini chai."

Alikuwa anapima kama walivyomfundisha huko, na nilimwona anatafuta upenyo wa kuiita maji, anaukaribia, halafu anauacha. Uso wake ukajifunga.

"Nimefungisha ndoa mbili tangu niwe shemasi," akasema. "Wale watu wanalala pamoja wakijua wameoana. Nimekula komunyo tangu nina miaka tisa. Nimelala kifudifudi mbele ya Askofu mwaka jana, na wewe ulikuwa benchi la mbele, unalia. Ulikuwa unalia nini, Bibi?"

"Wewe ulidhani ninalia nini?"

"Furaha. Ndiyo maana nauliza."

"Woga," nikasema. "Nusu furaha, nusu woga."

"Na kwa nini leo? Kwa nini si juzi, kwa nini si mwaka jana?"

"Kwa sababu baada ya Jumamosi ungeubeba wewe, na hujui."

Akafunga daftari, akaliacha mezani, akavaa viatu bila kufunga kamba. Hakuniaga. Tangu mtoto hajawahi kutoka nyumbani kwangu bila kuaga, hata siku niliyompiga.

"Umeridhika?" wifi akaniuliza.

Nikachukua kisu cha pili, nikavuta ndoo nyingine, tukamaliza viazi vile vyote, gunia zima, bila kusemezana.

Ijumaa ilipambazuka na simu kimya. Nilifagia uwanja mara mbili. Mchapaji alipiga kuuliza ukurasa wa kwanza uko wapi, nikamwambia angoje. Saa tano akaja msakristia kwa baiskeli, akasimama mbali kidogo na mlango kama mtu aliyeleta habari za msiba.

"Askofu anakuita, Mama. Sasa hivi."

Nilivaa gauni la kanisani. Wifi akatoka chumbani kwake amevaa la kwake.

"Wewe hujaitwa," nikamwambia.

"Na wewe hujui njia ya ofisi?"

"Naijua."

"Basi nyamaza twende."

Ofisi ya paroko ni ndogo, ina kabati la vitabu vya parokia na meza moja. Askofu alikuwa amekaa nyuma ya meza, mtu mfupi, miwani imening'inia kwa kamba. Paroko wetu amesimama pembeni anajifuta shingo. Shemasi yuko dirishani, ametupa mgongo. Hakugeuka tulipoingia. Mezani palikuwa na kile kitabu cha kwanza cha ubatizo, kimefunguliwa, na pembeni yake Injili.

Askofu akaniambia niweke mkono juu ya Injili. Nikauweka. Akaniuliza moja moja, taratibu, na Paroko akaandika. Ulikuwa peke yako na mama? Ndiyo. Maneno ulisemaje? Nikayasema. Kikombe kilikuwa cha nini? Chai. Una hakika?

"Nina hakika, Baba Askofu."

Akavua miwani, akaifuta kwa kanzu. "Mama, ni miaka thelathini na moja. Mtu akiwa na hofu hukumbuka vibaya, na akikumbuka vibaya kwa muda mrefu, kosa linakuwa kama kweli." Sauti yake ilikuwa ya upole sana. "Mlikuwa mmezungukwa na shida ya maji. Je, haiwezekani kwamba kikombe kile kilikuwa na maji kidogo ambayo mtu aliyahifadhi, na ile chai uliiona wakati mwingine? Fikiria kabla hujajibu. Ukiniambia huna hakika, kitabu hiki kinasema alibatizwa, nami nitakiamini kitabu."

Paroko aliacha kujifuta shingo. Nje nilisikia watu wa kwaya wakipanga viti, wanaviburuta na kucheka.

Ndugu zangu, mlango ulikuwa wazi kabisa. Nilikuwa na neno moja tu la kusema, sikumbuki, na mzee asiyekumbuka nani atamlaumu? Viazi vingepikwa. Mabasi yangefika. Nikautazama mgongo wa Shemasi. Alikuwa ameshika kingo za dirisha kwa mikono miwili, na vidole vilikuwa vimepauka. Sikujua anaomba niseme lipi.

"Hapana, Baba Askofu," nikasema. "Sijachanganya. Ilikuwa chai."

"Ni neno lako peke yako."

"Si lake peke yake," wifi akasema.

Wote wakamtazama. Alikuwa amesimama karibu na mlango, mkoba ameukumbatia kifuani. "Mimi ndiye niliyemwosha mtoto mchana ule, maji yalipopatikana. Nilimkausha kichwa kwa kitambaa cheupe, kikatoka na doa la chai. Jani moja lilikuwa limemganda nyuma ya sikio. Nikalitoa kwa kucha." "Jana nilimwambia huyu anyamaze. Kwa hiyo msidhani tumepanga."

Kwenye miaka yote ile hakuwahi kuniambia habari ya lile jani.

Askofu akafunga macho. Alikaa hivyo mpaka Paroko akaanza kukohoa kikohozi cha adabu. Kisha akayafungua.

"Kesho hakuna upadrisho," akasema. "Leo saa tisa nitambatiza kwa sharti. Nitampa kipaimara. Ushemasi nitaurudia Jumapili, na upadrisho tutapanga siku nyingine baada ya majuma sita. Hizo ndoa mbili niachieni mimi na Paroko, wale vijana hawatapata tabu." Akamgeukia Shemasi. "Unahitaji msimamizi. Mchague."

Hapo ndipo alipogeuka. Macho yalikuwa mekundu, hajalala. Alinitazama. Kisha akatazama nyuma yangu.

"Shangazi," akasema.

"Mimi?" wifi akasema.

"Wewe."

Saa tisa tulikuwa sita tu kanisani, milango imefungwa. Wifi alisimama kwenye kisima cha ubatizo, mkono begani kwake, inambidi anyanyuke kwa vidole kumfikia. Mimi nilikaa benchi la nyuma kabisa. Askofu akasema, "Kama hukubatizwa, mimi nakubatiza," na maji yakaanguka mara tatu, mengi, yakamlowesha mpaka mabega, na kila mara yalipoanguka nilishika benchi lililo mbele yangu.

Walipotoka nikamngoja Paroko kwenye ngazi. Alikuwa na karatasi mkononi. Alikuwa ameandika tangazo la kubandika getini: kutokana na sababu zisizozuilika, sherehe imeahirishwa.

"Padri, hiyo usiibandike," nikamwambia. "Nitasimama mwenyewe getini. Niwaambie ni nini."

"Mama, watu mia nne. Wengine wana hasira za safari."

"Najua."

"Watasema maneno."

"Wakiachiwa karatasi hiyo watasema mabaya zaidi, na watayasema juu yake. Watasema amepatikana na mwanamke. Kijana ataishi nayo majuma sita."

Shemasi alikuwa anashuka ngazi, nywele bado mbichi. Akasimama. "Si lazima, Bibi," akasema. Yalikuwa maneno ya kwanza kwangu tangu jana.

"Najua si lazima."

Akapita.

Jumamosi saa mbili na robo nilikuwa getini. Nilibeba kigoda nikakaa, kwa sababu magoti yangu hayasimami muda mrefu. Wifi alikuja na chupa ya uji akaiweka karibu na mguu wangu, akaondoka, akasimama chini ya mnara wa kengele ambako angeweza kuniona. Walianza kuja wa mtaani, wa safu zile za zamani, mmoja mmoja. Nikawaambia. Wengine walinishika mkono. Mama mmoja aliyekuwa wa Safu ya Nne aliniuliza, kama wifi alivyosema, "Na wangu je?" Nikamwambia wake ilikuwa chupa, Jumanne, mvua inanyesha, na nikamtajia rangi ya shuka. Alifikiri, akaniangalia usoni, akaingia ndani. Sijui kama aliniamini.

Saa tatu basi la kwanza likakata kona. Lilikuwa la watu wa ziwani, wale waliorudi kwao tanuri lilipofungwa, na watoto wao ambao lugha yetu hawaijui. Wakateremka na nguo zao mpya, miguu imevimba, wanaimba tayari. Nikanyanyuka. Nikasema, "Karibuni. Leo hakuna upadrisho, na sababu ni mimi." Waliokuwa mbele waliacha kuimba. Wa nyuma hawakunielewa, wakaendelea. Mzee mmoja akauliza kwa lugha yao, mwingine akajibu sivyo, na manung'uniko yakaanza kupanda, watu wanasukumana kutaka kusikia. Nilijaribu maneno machache ya lugha yao ninayoyajua. Ni ya sokoni, hayakufika popote.

Nikasikia viatu kwenye changarawe nyuma yangu. Alikuwa amevaa shati la kawaida na suruali, si kanzu. Akaja akasimama kando yangu, karibu, bega lake usawa wa kilemba changu.

"Endelea, Bibi," akasema. "Sema kidogo kidogo. Lugha yao ninayo tangu utoto, mimi nitawatafsiria."

Nikaanza na pampu iliyokufa. Akatafsiri. Nikasema mabomba makavu siku ya tatu, akatafsiri, na wazee walioishi kwenye zile safu wakaguna, wanakumbuka. Nikasema mama yake aliniomba maji nikampa chupa. Hapo sauti yake ilisita kidogo, lakini akalitoa. Nikasema mtoto alitoka hapumui, nikageuka mezani, nikachukua kikombe. Akasema kikombe. Nikasema kilichokuwa ndani.

Hakutafsiri. Alinitazama, kope zimelowa. Watu wote wale walikuwa wanamngoja yeye sasa.

"Waambie," nikasema. "Chai."

Akawageukia, akawaambia.